Sajenti alipigiwa simu mambo yameshaisha: kisa cha Minneapolis kwa wanaofundisha wasimamizi wa polisi

Najua kesi ya George Floyd, Mmarekani mweusi aliyefia mikononi mwa polisi, imeongelewa sana mpaka watu wamechoka, na nikisema naileta tena kama kisa cha darasani kuna atakayesema aah hiyo si ndo ile ya ubaguzi wa rangi, tumeshaielewa. Sawa, ubaguzi umo na siuondoi. Ila mimi naitazama kwa jicho la mtu anayehangaika na kozi za uongozi za askari wa vyeo vya kati, masajenti, wakaguzi wasaidizi, wakuu wa vituo, na ukikaa upande huo unaanza kuona vitu ambavyo ile video ya simu haikuvionyesha vizuri. Kuna swali liliulizwa mara mbili likajibiwa vibaya mara zote mbili, na kuna simu ya msimamizi iliyokuja nyuma ya muda. Hayo mawili ndo kozi nzima kwangu mimi.

Tuweke tukio lenyewe kwanza, kwa kifupi, maana wengi wanalikumbuka nusunusu.

Jumatatu tarehe 25 Mei 2020, jioni, kona ya mtaa wa 38 na Chicago Avenue, kusini mwa jiji la Minneapolis. Mfanyakazi wa duka la Cup Foods anapiga 911, namba ya dharura, kuna mteja katoa noti ya dola 20 inayoonekana feki. Wa kwanza kufika ni askari wawili, Thomas Lane na J. Alexander Kueng. Hawa jamaa walikuwa wapya kabisa, yaani wametoka tu kumaliza mafunzo ya kazini, Lane alikuwa kwenye shifti yake ya nne kama askari kamili na Kueng ya tatu, halafu wamepangwa gari moja wawili wao. Wapya wawili, gari moja, doria ya jioni siku ya sikukuu. Kama unafundisha wasimamizi simama hapo kwanza kabla hujafika kwenye goti, uliza darasa nani alipanga hiyo zamu na alikuwa anafikiria nini.

Wanamfunga pingu Floyd, wanajaribu kumwingiza kwenye gari la polisi, anakataa, anasema anaogopa sehemu za kubana, purukushani. Hapo wanafika Derek Chauvin na mwenzake Tou Thao. Chauvin ana miaka 19 kazini. Floyd analazwa chini kifudifudi, Chauvin goti shingoni, Kueng kamkalia kiwiliwili, Lane kashika miguu, Thao amesimama anazuia watu (mahakamani baadaye yeye mwenyewe alijifananisha na koni ya barabarani, kazi yake eti ilikuwa kuzuia magari na watu tu). Goti lilikaa dakika 9 na sekunde 29. Waendesha mashtaka walizigawa hivi: dakika 4 na sekunde 45 Floyd analia na kuomba, sekunde 53 mwili unarushwarushwa, halafu dakika 3 na sekunde 51 hajibu chochote, kimya, na goti bado lipo.

Sasa tuje kwenye swali.

Floyd akiwa bado anaongea, Lane aliyeshika miguu anamuuliza Chauvin kama wamgeuze alale ubavu. Chauvin anakataa, anasema abaki hapohapo tulipomweka. Lane anaongeza kwamba ana wasiwasi na ile hali waliyofundishwa, ya mtu kupandwa na wazimu hadi mwili unazidiwa (hilo neno lao la kitabibu limeshakataliwa, chama cha madaktari wa dharura wa Marekani kilijitoa kwenye waraka wake mwaka 2023, lakini wakati ule polisi walikuwa wanafundishwa). Chauvin anajibu kwamba ndo maana yuko kifudifudi. Basi, yakaisha. Baadaye kidogo Floyd ananyamaza, Lane anauliza tena, tumgeuze? Kueng anapima mapigo ya moyo mkononi, anasema hayapati. Hakuna aliyesogea. Ikapita zaidi ya dakika mbili nyingine.

Mimi hapo ndo huwa naona darasa linagawanyika. Kuna wanaosema Lane muoga, angemsukuma yule jamaa. Kuna wanaosema Lane alifanya wajibu wake, kauliza. Wote wanamwangalia Lane. Mbona hakuna anayemwangalia aliyeulizwa? Maana kitu alichosema Lane kilikuwa sahihi kabisa kwa mujibu wa mafunzo ya idara yenyewe, mtu akishadhibitiwa anageuzwa ubavu ili apumue, walimu wa idara walikuja kueleza hivyo mahakamani. Askari mwenye shifti nne alikuwa na jibu. Mwenye miaka 19 alipewa jibu mkononi, bure, mara mbili, akalirudisha.

Na sio kwamba sheria haikuwepo. Tangu mwaka 2016 kanuni za polisi wa Minneapolis zilisema wazi kwamba kila askari aliyepo mahali nguvu inapotumika ana wajibu wa kumzuia au kujaribu kumzuia mwenzake pale nguvu inapotumika isivyofaa au isipohitajika tena. Kila askari, haijalishi cheo. Katie Blackwell aliyekuwa akisimamia mafunzo aliulizwa mahakamani kuhusu lile goti akasema hajui hilo ni pozi gani la kubuni, halikuwa kwenye mafunzo yao. Luteni Richard Zimmerman, mkongwe aliyeingia kazini 1985, akasema haikuhitajika hata kidogo. Mkuu wao Medaria Arradondo naye akapanda kizimbani kusema ilikiuka sera. Kwa hiyo ile hadithi ya "tatizo ni mafunzo, tuongeze mafunzo" haikai vizuri hapa. Karatasi zilikuwepo na slaidi zilikuwepo, bado mtu kafa mbele ya askari wanne.

Kilichokosekana naona kiko sehemu nyingine, na watu wengi wanakiruka. Chauvin hakuwa na cheo cha juu kuliko wale vijana. Soma tena hiyo. Kwa mfumo wa Minneapolis cheo cha kwanza cha usimamizi ni sajenti, na wale wote wanne walikuwa askari wa kawaida. Hakukuwa na afande kisheria pale chini. Lakini kila mtu pale alijua afande ni nani. Miaka 19, na zaidi ya hapo Chauvin alikuwa mmoja wa askari waliopewa kazi ya kuwalea wapya barabarani, na Kueng alikuwa amepita mikononi mwake. Yaani yule uliyemkalia kiti cha abiria miezi kadhaa, anayekuandikia tathmini, anayesema huyu anafaa au hafai, wiki hii ndo mko sawa kwa karatasi. Konda wa juzi atamwambia dereva mzee punguza mwendo? Kueng mwenyewe alipotoa ushahidi kwenye kesi ya shirikisho alieleza kwamba Chauvin alikuwa mkubwa wake kazini na aliamini ushauri wake. Watu walimcheka mitandaoni. Mimi naona ni maneno ya ukweli kuliko yote yaliyosemwa kwenye ile kesi, hata kama hayamwondolei kosa.

Huyu mtu aliyepewa kuwalea wengine alikuwa na malalamiko yasiyopungua 17 kwenye faili lake. Baadaye pia, Desemba 2021, alikiri mahakamani kwamba mwaka 2017 alimfanyia hivyohivyo mtoto wa miaka 14, kampiga kwa tochi na kumkandamiza shingoni kwa goti. Mwaka 2017. Halafu 2020 bado ndiye mwalimu wa wapya. Hii sasa ndo naiita kesi ya uongozi, kwa sababu Chauvin hakujiteua kuwa mlezi. Kuna mtu mwenye V tatu, yaani sajenti, au zaidi alisaini. Kuna ripoti za matumizi ya nguvu zilipita kwenye meza za watu miaka yote hiyo. Ukichukua darasa la wasimamizi ukatumia nusu siku kuzungumzia tu namna mnavyochagua nani akae na kurutu miezi ya mwanzo, utakuwa umefanya kazi kubwa kuliko wiki nzima ya mihadhara ya "sifa za kiongozi bora" ambayo kila mtu anaandika kwenye daftari na kusahau chakula cha mchana kikifika. Vituo vingi mlezi anachaguliwa kwa sababu ni mzoefu, au hana kazi nyingine, au anahitaji posho. Uzoefu wa nini, hakuna anayeuliza.

Turudi kwenye simu.

Siku ile kulikuwa na dada anayepokea na kusambaza wito wa 911, Jena Scurry. Ofisini kwao kuna skrini zinazoonyesha kamera za barabarani. Anatazama, anaona askari wako juu ya mtu chini, anaendelea na kazi, anatazama tena, bado wako palepale, akadhani skrini imeganda. Haikuganda. Akachukua simu akampigia sajenti wa zamu, David Pleoger, akaanza kwa kusema mnaweza kuniita msaliti mkitaka lakini kuna kitu naona. Angalia hapo jinsi alivyoanza! Raia, hana bunduki, yuko mbali na tukio, hajavunja chochote, lakini kabla hajasema anachokiona anaomba radhi kwanza kwa kusema. Ukitaka kujua hali ya hewa ndani ya idara ya polisi usisome dira na dhamira zilizobandikwa mapokezi, sikiliza watu wanaanzaje sentensi wanapomletea bosi habari mbaya.

Pleoger akampigia Chauvin. Wakati huo Floyd hayupo tena pale, ambulensi imeshaondoka naye. Chauvin anamwambia nilikuwa karibu nikupigie uje, tulilazimika kumshikilia jamaa, alikuwa kachanganyikiwa, hakutaka kuingia kwenye gari. Kamera ya kifuani ikazimwa na mazungumzo yakaendelea. Kwa ushahidi wa Pleoger, kwenye simu hiyo goti shingoni halikutajwa, alikuja kuambiwa baadaye hospitalini na hata hapo hakuambiwa lilikaa muda gani. Na usiku huo taarifa ya kwanza ya polisi kwa umma ilikuwa na kichwa kinachosema mwanamume afariki baada ya tatizo la kiafya wakati akishughulikiwa na polisi. Goti halimo. Kama si binti wa miaka 17 aliyerekodi kwa simu yake pembeni ya barabara, hiyo ndo ingekuwa historia rasmi, imepita kwa msemaji na kupigwa muhuri.

Sasa Pleoger mimi simlaumu sana kwa siku ile. Alipanda kizimbani Aprili 2021 akiwa ameshastaafu, baada ya miaka 27, na alipoulizwa lini ile nguvu ilipaswa kukoma alijibu kwamba Floyd alipoacha kuleta ukinzani wangeweza kumwachia. Sentensi fupi, ya mtu anayejua kazi. Lakini ndiyo shida yenyewe, huyu mwenye hiyo sentensi hakuwepo pale ilipohitajika, na utaratibu ulimfanya awe mtu wa kuja kukagua nguvu baada ya kutumika. Msimamizi anaitwa mtu akiumia. Anakuja na fomu. Kozi nyingi za wasimamizi nilizowahi kuona ratiba zake zinafanana na hilo: jinsi ya kujaza ripoti, jinsi ya kuendesha shauri la nidhamu, jinsi ya kuhifadhi vielelezo, yote ni mambo ya baada. Ya wakati tukio linaendelea, yaani redioni na barabarani, unampangaje nani na nani, lini unatoka kituoni bila kuitwa, unauliza swali gani kwenye simu ili mtu asikupe hadithi laini, hayo yanaachwa mtu "atajifunza kazini". Kwa nani? Kwa wale walewale.

Jaribuni zoezi hili. Mpe sajenti darasani ile simu. Askari wako kakwambia "tulilazimika kumshikilia jamaa, alikuwa kachanganyikiwa". Una maswali matatu tu, uliza. Utashangaa. Wengi wanauliza "uko salama wewe?" halafu "ambulensi imekuja?" halafu "mashahidi wapo?" Maswali si mabaya. Hakuna anayeuliza mlimshikilia wapi, kwa muda gani, na alikuwa anapumua mlipomwachia. Ukiwaonyesha hilo chumba kinanyamaza kidogo, halafu ubishi unaanza, na ubishi huo ni mzuri, uache uende.

Kuna sehemu nyingine duniani ambako hili tatizo la mdogo kuuliza kwa unyenyekevu na mkubwa kujibu kwa mkato lilishaua watu wengi zaidi, nayo ni ndege. Tenerife, kisiwa cha Hispania, 27 Machi 1977, ndege mbili za Boeing 747 ziligongana uwanjani kwenye ukungu, watu 583 wakafa. Fundi wa ndege ya KLM aliuliza kama ile ndege ya Pan Am bado haijatoka njiani, rubani akajibu imeshatoka, wakaendelea kuondoka. Na yule rubani, Jacob van Zanten, alikuwa nani? Mkuu wa mafunzo ya 747 wa shirika lake. Mwalimu tena. Mashirika ya ndege yalichukua hilo kwa uzito, miaka iliyofuata wakaanza kufundisha wafanyakazi wa ndani ya ndege namna ya kupandisha sauti kwa ngazi, unauliza, asiposikia unaonya, asiposikia unapinga waziwazi, asiposikia unachukua hatua. Lakini kitu kilichofanya ifanye kazi, na hiki ndo polisi wanakopi nusu, ni kwamba marubani wakuu nao walifundishwa kupokea, na anayebishia chini hapotezi kazi.

Lane alikwama ngazi ya kwanza. Aliuliza mara mbili, mara zote kwa umbo la swali, tumgeuze? Hakufika kwenye "mgeuze sasa hivi, hapumui". Mahakama ilitazama tofauti hiyo kwa namna yake: kwenye kesi ya shirikisho Kueng na Thao walishtakiwa na kukutwa na hatia Februari 2022 ya kutomzuia Chauvin na ya kutompa Floyd huduma, Lane alishtakiwa kwa hiyo ya huduma peke yake. Lane miaka miwili na nusu, Kueng mitatu, Thao mitatu na nusu, na kila mmoja akapata na kifungo cha jimbo. Hakimu alikubali kwamba Kueng alikuwa mgeni kabisa kazini, na bado akamfunga. Chauvin mwenyewe 22 na nusu kwenye kesi ya jimbo, 21 kwenye ya shirikisho. Jiji likalipa familia dola milioni 27. Waambie wasimamizi hizo hesabu, wanazielewa haraka kuliko falsafa.

Polisi wa New Orleans walikuwa wameshaanza kitu hiki, cha kuwafundisha askari kuzuiana, mapema, tangu katikati ya miaka ya 2010, mpango wao unaitwa EPIC, wakitumia kazi ya mwanasaikolojia Ervin Staub aliyenusurika mauaji ya Wayahudi akiwa mtoto Hungaria na akatumia maisha yake kuchunguza kwa nini watu husimama kutazama tu. Baada ya Floyd, chuo cha sheria cha Georgetown kikautanua kuwa ABLE, mafunzo ya siku moja yenye urefu wa saa nane halafu marudio kila mwaka. Ninachokipenda humo si zile saa nane. Ni masharti ya kuingia: mkuu wa idara lazima aweke saini kwamba ananunua kifurushi kizima, kwamba vyeo vyote vinapita darasani, na kwamba atakayemzuia mwenzake hatalipiziwa kisasi. Bila hilo la mwisho unawafundisha vijana kujitoa mhanga.

Hapa nina ugomvi kidogo na wenzangu wanaoandaa mafunzo. Tunapenda kuwaweka wadogo kwenye igizo, wewe ni konstebo, bosi wako anampiga mtuhumiwa, utafanyaje? Kila mtu darasani ni shujaa, anapiga kelele "afande acha!" na tunapiga makofi. Geuza. Mwenye cheo kikubwa kuliko wote chumbani ndo awe wa kuzuiliwa, na anayemzuia awe mdogo kuliko wote, mbele ya watu, na mpe mkubwa sekunde zake atafute neno la kujibu. Utaona nyuso. Wengine wanacheka, wengine wanakasirika kwelikweli ingawa ni igizo. Lile neno moja la kujibu, "sawa, mgeuze", linawashinda watu wazima wenye miaka 20 kazini kulitamka, kwa hiyo lirudie, mara kumi, mpaka liwe jepesi mdomoni kama "nakusoma" ya redioni.

Minneapolis yenyewe bado iko njiani. Wizara ya sheria ya Marekani ilitoa ripoti yake Juni 2023 ikasema idara ina tabia ya kuvunja haki za watu, siyo mtu mmoja. Mei 2025 serikali mpya ya Washington ikajitoa kwenye makubaliano ya kuisimamia. Kilichobaki ni makubaliano ya Machi 2023 kati ya jiji na idara ya haki za binadamu ya jimbo la Minnesota, yanayosimamiwa na mahakama, na hayo bado yanaendelea. Ukiyatumia darasani nenda moja kwa moja kwenye vipengele vya usimamizi na vya walezi wa askari wapya, achana na utangulizi, halafu wape masajenti faili la askari wa kubuni mwenye miaka 19 na malalamiko 17, anaomba kulea kurutu, na kila mmoja aandike ndiyo au hapana na sababu, na aweke saini chini.